Chuma Kipo, Mpira Umechoka: Kulielewa Gari la Kifahari la Njia Ngumu Kabla ya Kulifungua Nyumbani

Gari la kifahari la njia ngumu likifikisha umri wa miaka 15 au 20 huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei yake ya awali, na hapo ndipo watu wengi hulitamani na kulinunua. Kinachowashtua baadaye ni kwamba bei ya gari imeshuka lakini bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo: kompresa ya springi za hewa, rejeta au kompyuta ya giaboksi bado vinauzwa kama vipuri vya gari la tajiri. Mwenye gari hujikuta basi na njia mbili, ama kulipa gereji kila hitilafu inapojitokeza, ama kujifunza kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Makala hii ni ya aliyechagua njia ya pili au anayeifikiria, na inakusudia kufungua fundo moja ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulifungua: katika magari haya, sehemu inayolalamika mara nyingi siyo sehemu iliyoharibika.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, inafaa kulitazama gari hili kama mashine tatu zilizopandana. Ya chini kabisa ni mashine ya chuma: chesisi, ekseli, difu (sehemu inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia), giaboksi, pamoja na giaboksi ndogo inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Range Rover ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970 ikiwa na injini ya V8 ya lita 3.5 na springi za koili, ilikuwa karibu mashine hiyo tupu, na Mercedes-Benz ya G iliyofuata mwaka 1979 vivyo hivyo. Juu yake ikapandishwa mashine ya starehe. Mwaka 1992 Range Rover ikapata springi za hewa zinazosimamiwa kwa elektroniki, na mwaka 1998 Lexus LX 470 ikaja na mfumo wake wa mafuta na gesi unaopandisha na kushusha gari kwa kubonyeza kitufe. Mashine ya tatu ni ile ya kompyuta na sensa ambazo kazi yake ni kuzichunga hizo mbili za chini na kumwarifu dereva kwa taa kwenye dashibodi.

Mashine hizi hazizeeki kwa mwendo mmoja. Chuma kikipewa mafuta safi na kulindwa dhidi ya kutu hudumu kwa miongo. Mpira na plastiki huhesabu miaka badala ya kilomita, kwa sababu joto, jua na ozoni iliyomo hewani huvikausha hata gari likiwa limeegeshwa, ndiyo maana gari lililotembea kidogo ndani ya miaka 20 si lazima liwe zima kuliko lililotembea sana huku likitunzwa. Elektroniki nayo ni mara chache kufa kwa uzee wake. Hufa, au hutoa taarifa za uongo, kwa sababu ya umeme dhaifu na maji yaliyoingia pasipotakiwa. Sasa tatizo ni kwamba katika mashine zote tatu mwenye kusema ni mmoja tu, kompyuta, na kompyuta husema lile lililofika kwenye sensa zake. Haina uwezo wa kusema kwamba mfuko wa springi ya hewa wa mbele kushoto una ufa. Husema tu kwamba imeamuru gari lipande na gari halikupanda kwa muda uliotarajiwa. Anayesoma ujumbe huo na kukimbilia kununua kompresa amesikia malalamiko, bado hajajua ugonjwa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kufungua boliti moja, ni kuhakikisha kwamba kompyuta zenyewe zinapata umeme wa kutosha. Betri iliyochajiwa vizuri na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji yake. Injini ikiwa inanguruma, umeme unaotoka kwenye alteneta unapaswa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi, na wakati wa kupiga stata volti za betri zisishuke chini ya 9.6. Vipimo hivyo vitatu hufanywa kwa mita ya kawaida ndani ya dakika 5, na nimeshuhudia magari yenye taa za breki, giaboksi na springi zikiwaka zote kwa pamoja yakipona kwa betri mpya tu. Taa nyingi zikiwaka kwa mara moja, ni busara kushuku kitu kimoja ambacho mifumo yote hiyo inakitegemea, kuliko kuamini kwamba mifumo mitatu imeharibika siku moja.

Betri ikiwa nzima, kinachofuata ni arthi, yaani nyaya zinazorudisha umeme kutoka kwenye injini na bodi hadi kwenye betri. Waya wa arthi unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani ya kichwa chake cha shaba ukawa umeliwa na ukungu wa kijani. Macho hayatoshi hapo. Weka ncha moja ya mita kwenye chuma kitupu cha injini na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha mtu mwingine apige stata: mita ikisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, njia ya kurudi ina kizuizi, na waya huo uvuliwe, usuguliwe hadi chuma king'ae, au ubadilishwe. Kazi hii haina gharama ya kutisha, na huzuia ununuzi wa vipuri ambavyo havikuhitajika.

Adui wa pili wa elektroniki ni maji. Magari haya mengi yana paa la kioo linalofunguka, na paa hilo lina mirija myembamba inayoshusha maji ya mvua kupitia ndani ya nguzo za mlango hadi chini ya gari. Mirija ikiziba kwa vumbi na majani, maji hutafuta njia nyingine na kuishia chini ya zulia, mahali ambapo watengenezaji wengi wameficha kompyuta na viungio vya nyaya. Katika Range Rover ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 2002, kompyuta kuu ya umeme wa bodi iko chini ya kiti cha mbele, na gari hilohilo linajulikana kwa kuvuja maji ya hita kwenye sili ndogo (mipira ya kuzuia uvujaji) za mabomba yaliyo juu ya miguu ya abiria. Mimina kikombe cha maji taratibu kwenye kona ya mfereji wa paa na utazame kama yanatoka chini. Kisha inua zulia na uguse sponji iliyo chini yake kwa mkono, kwa kuwa zulia lenyewe linaweza kuwa kavu ilhali sponji imelowa chapachapa.

Kuhusu vifaa vya kusoma kompyuta ya gari, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kiungio cha kusomea kilichokuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996 kiliwekwa kwa ajili ya kuchunga moshi, hivyo kifaa cha bei nafuu kinachosoma kila gari husoma injini na vitu vichache vinavyoihusu. Springi za hewa, breki zinazozuia kuteleza, mifuko ya usalama na mara nyingi hata giaboksi ndogo huhitaji kifaa kinachojua lugha ya mtengenezaji huyo. Mwenye kukusudia kukaa na gari lake miaka kadhaa afadhali anunue hicho mapema. Ndicho chombo pekee cha bei kubwa ambacho ningekiweka kabla ya seti nzuri ya spana.

Sasa tuje kwenye springi za hewa, kwa kuwa hapo ndipo fundo hili linaonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Springi ya hewa yenyewe ni kitu rahisi: mfuko wa mpira uliotiwa nyuzi, unaokaa mahali ambapo springi ya koili ingekaa, ukijikunja chini kama mkono wa shati uliopinduliwa. Kompresa ya umeme huvuta hewa, huipitisha kwenye kikaushio chenye chembe zinazonyonya unyevu, na kuipeleka kwenye tangi na kwenye bloku ya vali, ambayo ni kama stesheni ndogo inayoamua hewa iende kona gani au itoke nje. Kila kona ina sensa yenye mkono unaofuata mwendo wa gurudumu, na kompyuta husoma sensa hizo nne na kuzifungua au kuzifunga vali hadi gari likae sawa.

Kompresa hiyo imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Mfumo ukiwa mzima, hujaza tangi na kunyamaza. Mfuko ukipata ufa mwembamba kama unywele mahali unapojikunja, hewa huvuja kidogo kidogo, gari hushuka, kompyuta huagiza hewa, kompresa huwaka. Hilo hurudiwa mara kumi, mara mia, mara elfu. Sili ya pistoni ya kompresa husagika, kompresa hupata joto na kujizima, chembe za kikaushio huchoka na kuacha unyevu na vumbi vipite, unyevu huo huingia kwenye bloku ya vali na kuzifanya zing'ang'anie, na mwishowe kompyuta huandika kosa na kulishusha gari chini kabisa au kukataa kulipandisha. Ukisoma kosa hilo utaona jina la kompresa au la vali. Mzizi wake ni kipande cha mpira ambacho hakina waya hata mmoja na hakiwezi kujieleza. Mtu anayebadilisha kompresa pekee hupata furaha ya miezi michache, kisha kompresa mpya nayo hufa kwa kazi ileile iliyoiua ya kwanza.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Gari langu lilikuwa likilala upande wa mbele kushoto kila asubuhi. Nilibadilisha kompresa, na baada ya hapo nikabadilisha mfuko wa kona hiyo, maana kila niliyemuuliza alisema ni mfuko. Kona ikaendelea kushuka. Ndipo nilipochukua futi ya mkono, nikapima umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, nikaandika namba nne kwenye karatasi, na kuchomoa fyuzi ya mfumo ule ili kompyuta isiguse kitu usiku. Asubuhi kona tatu zilikuwa palepale. Ya mbele kushoto ilikuwa imepungua milimita 40. Nilinyunyiza maji ya sabuni kwenye mfuko mpya, hakuna kitu. Nikanyunyiza kwenye mrija mwembamba unaopeleka hewa, hakuna kitu. Nilipofika kwenye bloku ya vali, mahali mrija huo unapoingia, povu dogo jeupe lilianza kuumuka polepole, likiwa na viputo vidogo kama vya maziwa yanayoanza kuchemka. Nilipofungua nikakuta sili mbili za duara ambazo zamani zilikuwa laini na mviringo. Sasa zilikuwa bapa na ngumu, na nilipoibana moja kwa kucha ikakatika kama uzi uliooza. Seti nzima ya sili hizo iligharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na nilichokwisha kutumia.

Kipimo hicho cha usiku kina mtego mmoja. Katika baadhi ya magari haya, hasa ile Range Rover ya 1994 hadi 2002, kompyuta ya springi huamka yenyewe mara kwa mara gari likiwa limezimwa na kulisawazisha kwa kushusha kona zilizo juu zifuate iliyo chini. Asubuhi utakuta gari zima limelala, na utadhani mifuko yote minne inavuja wakati mkosaji ni mmoja. Ndiyo maana fyuzi au relei inayoiamsha kompyuta hiyo ni lazima itolewe kwanza. Vilevile, mfuko ukaguliwe gari likiwa limepandishwa hadi kimo cha juu, kwani ufa hujificha ndani ya mkunjo gari likiwa chini. Mfumo ukishaziba, bado kazi haijaisha: kikaushio kibadilishwe, na kompresa iliyochoka iwekewe sili mpya ya pistoni, kazi ambayo mtu mwenye subira anaweza kuifanya mezani.

Hapa ni lazima nisimame kwenye usalama, kwa sababu springi ya hewa ni tofauti na springi ya chuma katika jambo moja linaloweza kuua. Gari lililosimama juu ya hewa linaweza kushuka ghafla wakati wowote, kwa mrija uliokatika au kwa kompyuta iliyoamua kusawazisha baada ya mlango kufungwa, na nafasi inayobaki chini yake baada ya kushuka haitoshi kifua cha mtu. Usiingie chini kwa kutegemea hewa wala jeki; chesisi ikae juu ya stendi imara zilizo juu ya sakafu ngumu, na mengi ya magari haya yana uzito wa zaidi ya tani 2, hivyo stendi za gari dogo hazifai. Hewa itolewe kwenye mfuko kabla ya kulegeza chochote kinachoushika. Isitoshe, katika Range Rover na Land Rover nyingi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi ndogo. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka na gari zima linaweza kusogea ijapokuwa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Vigingi vya kuzuia magurudumu yaliyobaki chini viwekwe kabla ya jeki kuguswa, pasipo kusahau hata mara moja.

Mfumo wa mafuta na gesi wa Lexus LX 470 na baadhi ya Land Cruiser 100 huchanganywa na springi za hewa kwa sababu vitufe vyake vinafanana, ilhali ni kitu kingine. Humo shokapu zimeunganishwa na vyungu vidogo vya chuma vyenye gesi ya naitrojeni upande mmoja wa utando wa mpira na mafuta upande wa pili, na gesi hiyo ndiyo inayolainisha safari. Gesi ikipotea, gari bado hupanda na kushuka vizuri, kwa hiyo hakuna taa itakayowaka, lakini hudunda kwenye kila jiwe kama mkokoteni. Uzuri ni kwamba hali ya vyungu hupimwa kwa macho tu. Tangi la mafuta ya mfumo huo lina mistari ya kipimo. Soma kiwango gari likiwa kimo cha chini, kisha lipandishe hadi kimo cha juu na usome tena. Vyungu vizima hufanya tofauti ya mistari 14 hivi, na tofauti ikishuka hadi mistari 7 vimefika mwisho wake.

Upande wa kupoza injini, mantiki ni ileile ya mpira na plastiki, ila hapa kosa dogo hugharimu injini nzima. Injini ya V8 ya alumini ya Rover haisamehe joto kali. Kupita kiwango mara moja tu kunaweza kupinda hedi na kuchoma gasketi. Katika injini ya V8 ya BMW iliyokuwa ndani ya Range Rover kuanzia 2002 hadi 2005, bomba la maji na gasketi ya kifuniko vilivyo katikati ya V hukauka na kuvuja mahali pasipoonekana bila kuvua mabomba ya hewa yaliyo juu. Porsche Cayenne za mwanzo zenye V8 zilikuwa na mabomba ya maji ya plastiki mahali hapohapo pa joto kali, nayo hupasuka. Dawa inayojulikana ni mabomba ya alumini. Wengi husubiri hadi mvuke utoke chini ya boneti. Ningependa kumshawishi kila mwenye gari la aina hii kwamba mabomba, tangi la ziada, kifuniko chake, thamostati na pampu ya maji ya gari la miaka 20 vibadilishwe vyote kwa pamoja kama historia yake haijulikani, maana kubadilisha kimoja kilichopasuka hurudisha presha kamili kwa ndugu zake wenye umri uleule.

Maji yakipungua bila dalili ya kuvuja, yapo majaribio mawili ya nyumbani yanayotenganisha ugonjwa mdogo na mkubwa. La kwanza ni kufunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa tangi injini ikiwa ya baridi, kujaza presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha kutazama mshale kwa nusu saa huku ukipita na tochi kila kiungo. La pili ni chupa yenye maji maalumu ya buluu inayovuta hewa ya juu ya tangi injini ikiwa inanguruma: buluu ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na gasketi ya hedi ina hatia. Usiongeze tu maji ya kupoza ya rangi yoyote iliyopo dukani, kwani aina zenye kemia tofauti zikichanganywa zinaweza kuganda na kuwa matope yanayoziba rejeta. Rangi si kipimo cha kutegemea. Linaloaminika ni jina la kiwango lililoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Giaboksi za otomatiki zina fumbo lao, nalo ni maneno "mafuta ya maisha yote". Watengenezaji wengi wa magari waliandika hivyo, na wamiliki wakayaamini. Lakini ZF, kampuni iliyotengeneza giaboksi za nyingi kati ya gari hizi, yenyewe hushauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ifikapo miaka 8. Tofauti hiyo hutokana na maana ya neno maisha: anayeuza gari jipya hafikirii mwenye gari wa tatu. Kazi yenyewe inawezekana nyumbani kwa masharti mawili. Boliti ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ikigoma kufunguka baada ya mafuta kumwagwa, gari halitasogea tena. Na kiwango kipimwe injini ikiwa inanguruma, gari limekaa sawa, na joto la mafuta likiwa ndani ya kipimo, ambacho kwa giaboksi nyingi za ZF za gia 6 ni nyuzi 30 hadi 50 za Selsiasi. Mafuta hutanuka yakipata joto, kwa hiyo aliyepima yakiwa moto sana hupunguza bila kujua.

Chini ya gari, malalamiko yanayopoteza fedha nyingi ni kutetemeka kwa usukani. Gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80 au Range Rover za vizazi viwili vya kwanza, likipita kwenye shimo kwa kasi fulani huanza kuyumbisha usukani kwa nguvu ya kutisha. Watu hukimbilia shokapu ya usukani, ambayo kweli hupunguza mtetemo, kwa kuwa kazi yake ni kuufyonza. Chanzo kiko kwingine: bushi za fimbo ndefu inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, beringi za shingo ya gurudumu zilizolegea, au tairi ambazo hazijasawazishwa. Mwambie mtu akae ndani na kuzungusha usukani huku na huku kwa mwendo mdogo injini ikiwa imewashwa, na wewe, ukiwa umelala pembeni wala si chini ya magurudumu, weka kidole kwenye kila kiungo kwa zamu. Katika kiungo kizima, vyuma viwili vilivyoungana husogea pamoja. Kilichokufa utakihisi kikichelewa kama jino lililolegea.

Katika Land Cruiser hiyo ya 80, grisi nyeusi inayotiririka kwenye tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele ina habari ya kusoma. Ikiwa nzito, sili ya nje imechoka na kuna muda. Ikiwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, mafuta ya difu yamevuka sili ya ndani na kuiyeyusha, na kiungo cha shafti kinasagika bila ulinzi. Na kwa gari lolote linalosukuma magurudumu yote manne wakati wote, tairi ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha huifanya difu ya katikati, ile iliyo kati ya mbele na nyuma, izunguke kila mita ya safari, kazi ambayo haikuwekewa.

Mafuta ya breki hukumbukwa mwisho, pengine kwa sababu hayaonekani yakiharibika. Aina ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 ikiwa mpya, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango chake kikiwa na unyevu kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 155. Gari la tani 2 likishuka mlima mrefu linaweza kufika hapo. Yabadilishwe kila miaka 2. Katika magari ambayo breki zake husukumwa na pampu ya umeme yenye kihifadhi presha, swichi izimwe na pedali ikanyagwe mara 30 hivi kabla ya kufungua bomba lolote.

Vipuri vyenyewe vinunuliwe kwa namba, siyo kwa jina la gari, kwa kuwa gari la mwaka mmoja linaweza kuwa na aina mbili za kitu kimoja kutegemea namba ya chesisi. Mara nyingi kampuni iliyokitengenezea kiwanda kipuri hicho huuza kilekile ndani ya boksi lake yenyewe kwa bei ya chini, na hicho ndicho ninachokitafuta kwanza. Mahali ambapo singekubali nakala ya bei rahisi ni kwenye mifuko ya springi za hewa, sensa za injini na kitu chochote cha maji kilichozikwa chini ya mabomba mengine, kwa maana kukirudia ni kufanya kazi yote upya.

Zipo kazi ambazo hata fundi mzuri wa nyumbani huziacha. Mifuko ya usalama ina baruti. Gesi ya kiyoyozi huhitaji mashine ya kuivuta isitoke hewani. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya baa 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Uvujaji hapo hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Kuchomelea chesisi iliyoliwa na kutu kuachiwe mwenye ujuzi huo.

Yaliyobaki yote yanataka taa nzuri, mafuta ya kulegeza kutu yaliyopuliziwa kwenye boliti siku mbili kabla, spana ya torki, hasa kwenye nyuzi za alumini zisizopenda nguvu, na daftari. Mimi huandika tarehe, kilomita, namba ya kipuri, na vile vimo vinne vya kona. Baada ya kazi yoyote ya hewa huchomoa tena fyuzi, huliacha gari usiku kucha mahali palepale, na asubuhi, kabla ya kugusa mlango, hupita na futi ya mkono kona hadi kona.